Nani Kasema Sitini? Acheni Kututisha na Joto la Prosesa

Kuna namba moja imegeuka kuwa amri ya kumi na moja hapa Dar. Namba yenyewe ni sitini. Prosesa yako ikizidi nyuzi 60 umekwisha, andaa hela nyingine. Ukimuuliza aliyekuambia kwamba hiyo sitini kaitoa wapi, anakutazama kama umemuuliza jua linachomozea upande gani. "Kila mtu anajua, bosi."

Mimi sijui. Na ugali wangu unatokana na kuuliza swali moja kutwa nzima: nani kasema? Nikimpelekea mhariri habari yenye namba isiyo na mwenyewe, ananirudishia kabla chai haijapoa. Sasa iweje habari ya gazeti la shilingi mia kadhaa idaiwe chanzo, halafu namba inayomtoa mtu laki nne mfukoni isidaiwe chochote?

Leo nina ugomvi, jamani. Nagombana na biashara ya kuuza hofu.

Rafiki yangu mmoja anapiga picha za video kwenye harusi na kuhariri mwenyewe. Mwaka huu kaamua kuunganisha tarakilishi yake nyumbani (haya, kompyuta, msinipigie kelele). Kanunua kidogo kidogo kama tunavyojenga nyumba zetu: mwezi huu mazabodi, mwezi ujao RAM, kasha la mtumba, mwisho kabisa prosesa, Ryzen 5 7600X. Kaifunga na kipoozaji cha kawaida cha feni moja. Ikawaka. Akaanza kutoa video ya kwanza, na programu ya kupimia ikamwonyesha nyuzi 94.

Akakimbilia dukani. Muuzaji akashika kichwa. "Kaka, hii inaungua wiki hii hii." Dawa ikawa kipoozaji cha maji, laki nne na ushee. Jamaa kakopa, kakifunga, karudia kazi ileile. Ikasoma 89.

Laki nne kwa nyuzi tano! Na video ilitoka kwa muda uleule, tofauti huioni bila saa ya mkononi.

Duka silitaji, kwa sababu tatizo si duka moja. Ni mazoea. Muuzaji yule pengine hata hakudanganya makusudi. Aliambiwa sitini na aliyemtangulia, naye akaipokea kama tunavyopokea kwamba ukinywa maji ya baridi baada ya kula embe utaumwa tumbo. Lakini mwenye kuuza dawa anapokuwa ndiye anayetoa cheti cha ugonjwa, mgonjwa ana haki ya kuomba kuona kipimo.

Tuanze kwa kumtendea haki huyo sitini. Hakutoka hewani. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video iliyozunguka dunia nzima: kompyuta zinafanya kazi, kipoozaji kinanyanyuliwa. Pentium 4 ikapunguza mwendo na kuendelea kuishi. Athlon ya AMD ikatoa moshi. Waliokuwa mafundi miaka ile walikuwa na sababu ya kuogopa, na mimi siwalaumu. Baadaye, mwaka 2012, AMD ikatoa FX-8350, na kiwango chake cha juu cha joto kiliandikwa kuwa nyuzi 61 hivi. Phenom II X4 iliyoitangulia ilikuwa 62. Kwa mtu mwenye mashine hizo, kusema "usizidi sitini" ulikuwa ushauri mzuri kabisa.

Prosesa zile zimeondoka. Ushauri umebaki mjini unatafuta kazi.

Sasa tazama wanaozitengeneza wanaandika nini leo, tena hadharani, kwenye kurasa zao wenyewe, bure. Intel Core i5-12400 ya mwaka 2022: mwisho nyuzi 100. Ryzen 5 5600X ya mwaka 2020: mwisho 95. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022: 90. Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023: 89. Ryzen 5 7600X ya rafiki yangu: 95. Umeona? Hata ndani ya kampuni moja namba hazifanani. Kwa hiyo anayekupa namba moja ya prosesa zote, kabla hata hajakuuliza yako inaitwaje, hajui anachosema. Ni kama daktari anayeandika dozi bila kuuliza kama mgonjwa ni mtoto au mtu mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wauza hofu hawataki ulisikie. Zilipotoka Ryzen 7000 mnamo Septemba 2022, AMD wenyewe walieleza kwamba zile zenye herufi X zikipewa kazi nzito zitapanda hadi 95 na kukaa hapo, na kwamba ndivyo zilivyokusudiwa. Mantiki yake ni nyepesi. Prosesa za zamani zilikuwa na mwendo waliopangiwa, basi. Za sasa zinajiongezea mwendo zenyewe mpaka zigonge ukuta: ukuta wa umeme zinaoruhusiwa kula, au ukuta wa joto. Zikigonga ukuta wa joto zinapunguza kidogo, zinajaribu tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Anayeona 95 na kupiga mayowe ni sawa na anayemkuta kuli wa sokoni katikati ya kazi, kalowa jasho, akaita gari la wagonjwa. Jasho la kuli si ugonjwa. Ni ushahidi kwamba mzigo unasogea.

Na kwa nini laki nne zilinunua nyuzi tano tu? Kwa sababu kile kipande cha ndani chenye viini vinavyofanya kazi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kwenye kazi nzito kinapitisha wati mia moja na zaidi. Joto linabanana pale pale linapozaliwa, kabla halijafika kwenye kipoozaji. Ni kama watu elfu wanaotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Hata ukipanua barabara ya nje iwe njia nane, mlango ni uleule.

Kwa hiyo joto la kawaida ni lipi? Swali hilo halina jibu mpaka ujibu mengine matatu. Prosesa gani? Chumba gani? Kazi gani?

Prosesa tumeshaigusa. Tuje kwenye chumba, maana hapa ndipo tunapojionea huruma bila sababu. Unasoma uchambuzi wa jamaa wa Ulaya anayesema kipoozaji fulani kiliweka prosesa kwenye 74. Unafunga kilekile, unaona 85, unaanza kumshuku aliyekuuzia. Ndugu yangu, jamaa kapimia kwenye chumba cha nyuzi 21. Wewe upo Mbagala, ni Februari, saa nane mchana, chumba kina 32 na feni ya dari inazungusha hewa ileile. Kipoozaji cha feni, hata cha maji, hakiwezi kushusha kitu chini ya hewa iliyopo chumbani. Chumba kikipanda nyuzi kumi na moja, prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo. Kwa hiyo 85 yako na 74 yake ni matokeo yaleyale. Mwenzako aliye Njombe mwezi wa Julai atapata namba nzuri kukuzidi, na hakuna alichokuzidi ujuzi. Kakuzidi baridi.

Kisha kazi. Mashine imetulia, hujafungua kitu, chumba cha nyuzi 30 hivi: prosesa ikisoma kati ya 40 na 55, lala usingizi. Ukifungua kivinjari ikaruka ghafla kumi juu na kurudi, hiyo nayo ni kawaida. Imeamka, imefanya kazi, imelala tena. Ukicheza gemu, 60 hadi 80. Ukitoa video ndefu au ukiendesha programu za kuitesa makusudi kama Cinebench, 75 hadi kwenye mpaka wake ulioandikwa, kutegemea prosesa na kipoozaji. Na usiniletee namba uliyoisoma kwenye BIOS. Mle ndani prosesa nyingi hazilali kama zinavyolala Windows ikiwa imetulia, kwa hiyo namba ya mle huwa juu bila wewe kufanya lolote.

Hata namba yenyewe inahitaji kuhojiwa. Machi 2017 AMD walieleza kwamba Ryzen 7 1700X na 1800X zilikuwa zikitangaza joto lililoongezwa nyuzi 20 juu ya joto halisi. Zilifanya hivyo kwa makusudi, ili feni ziendeshwe kwa mtindo mmoja kwenye aina mbalimbali. Prosesa ikiwa na 58, skrini inasema 78. Fikiria ni watu wangapi duniani walinunua dawa ya ugonjwa ambao ulikuwa hesabu ya kujumlisha tu. Namba kwenye skrini ni shahidi, na shahidi anahojiwa kabla hajaaminiwa.

Najua kuna msomaji ameshaandaa jibu: "Lakini joto linapunguza maisha ya prosesa." Kweli. Fizikia haina ushabiki, na kifaa cha umeme kilichoishi kwenye joto kali huchakaa haraka kuliko kilichoishi kwenye ubaridi. Sikatai. Swali ni kiasi gani, na nani kalipiga hesabu. Waliochora prosesa walijua itafika 95, wakaipa dhamana ya miaka mitatu huku wakijua. Kampuni haijiwekei mtego wa kurudishiwa mali kwa mamilioni. Wewe mwenyewe utaichoka mashine hiyo na kuiuza kabla haijachakaa kwa joto. Kulipa laki nne leo ili kurefusha maisha ya kitu utakachokuwa umeshamuuzia binamu yako, hiyo si tahadhari. Ni sadaka kwa mwenye duka.

Wengine husema kipoozaji kikubwa kinapunguza joto la chumba na gharama ya umeme. Hapa nacheka kwa sauti. LUKU haisomi nyuzi. Inasoma umeme uliokula. Prosesa inayokula wati 100 inamwaga wati 100 za joto chumbani, iwe yenyewe inasoma 60 au 90. Kipoozaji kikubwa kinalihamisha joto kutoka kwenye prosesa kulileta kwako haraka zaidi, basi. Ukitaka chumba kipumue na uniti zidumu, punguza wati. Ryzen 5 7600X, kwa mfano, ina mpangilio uitwao Eco Mode unaoishusha kutoka daraja la wati 105 hadi 65. Joto linashuka sana, mwendo unapungua kidogo tu, na gharama yake ni dakika mbili na shilingi sifuri. Mbona dukani rafiki yangu hakuambiwa hilo? Labda kwa sababu halipangwi kwenye rafu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi joto ni porojo. Hofu ya uongo ina ubaya mwingine mkubwa kuliko hela: inawachosha watu mpaka tatizo la kweli likija hawalitambui. Aliyeambiwa mara kumi kwamba 70 ni hatari, akagundua si kweli, siku akiona 95 kwenye mashine isiyo na kazi yoyote atasema "ah, kawaida tu." Hapo sasa si kawaida hata kidogo!

Dalili za kweli ni hizi. Mashine mpya imetulia, huna ulichofungua, na prosesa ipo 80 au 90. Au unafungua programu moja nyepesi na joto linaruka hadi mpakani ndani ya sekunde mbili na kubaki huko. Au mwendo wa prosesa unashuka chini ya ule wa msingi ulioandikwa kwenye boksi, na kazi inakwama. Au mashine inajizima yenyewe katikati ya kazi. Ukiona hivyo, zima, fungua kasha.

Na mara nyingi ndani hukuti prosesa mbovu. Unakuta ile karatasi ya plastiki ya chini ya kipoozaji ambayo aliyefunga hakuibandua. Unakuta ile grisi nyeupe haikupakwa, au imepakwa upande mmoja. Unakuta kipoozaji cha Intel chenye miguu minne ya kubonyeza, mitatu imeingia na mmoja unaelea. Unakuta waya wa feni haujachomekwa, au pampu ya kipoozaji cha maji haizunguki. Unakuta feni zote za kasha zinavuta hewa ndani na hakuna inayotoa. Baada ya miezi sita ya barabara ya vumbi nje ya dirisha, unakuta blanketi kwenye mapezi ya kipoozaji. Brashi ya kupakia rangi inatosha. Karibu yote haya ni bure kuyatengeneza, au yanagharimu bei ya chipsi mayai.

Na joto si mtuhumiwa pekee. Mwaka 2024 wenye Intel Core za kizazi cha 13 na 14 za daraja la juu walianza kulalamika kwamba mashine zinaanguka ovyo, programu zinajifunga. Mwezi Julai Intel ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volteji kubwa kuliko inavyofaa, na Agosti ikatoa rekebisho la kupakia kupitia BIOS na kuongeza miaka miwili kwenye dhamana. Mtu angeweza kuwa na kipoozaji cha bei mbaya, joto lake likasoma vizuri, huku prosesa inaharibika taratibu. Walioelewa wanachokisoma waliomba dhamana, wakabadilishiwa. Waliozoea kuuliza "ni moto au si moto?" walibaki wanabadilisha feni.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo hasa, nasi tuliokaa madarasani tunahusika. Tunajenga tabaka la watu wanaomiliki mashine wasizoruhusiwa kuzielewa. Ukiuliza, unaambiwa "hayo ya kiufundi, niachie mimi." Ufundi umefanywa siri ya ukoo. Maelezo yote yapo wazi kwenye ukurasa wa mtengenezaji, mstari mmoja, namba moja, lakini yako kwa Kiingereza cha wahandisi, na anayeweza kuyatafsiri ndiye anayefaidika kwa wewe kutoyajua. Halafu tunashangaa watu wanaamini kwamba kompyuta "inachoka" na inahitaji kupumzishwa mchana kama punda.

Madai yangu ni madogo. Fundi, ukiniambia joto limezidi, niambie limezidi lipi. Andika kwenye risiti jina la prosesa, mpaka wake uliotajwa na mtengenezaji, joto la chumba ulimopimia, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Mistari minne. Kisha niuzie unachotaka kuniuzia, nitanunua kwa furaha nikiona hesabu imekaa. Mteja, usitoe hata mia kabla hujaiona mistari hiyo. Programu za kupimia kama HWiNFO na Core Temp ni za bure, na kipimajoto cha ukutani ni bei ya nauli. Pima mwenyewe, mashine ikiwa imetulia na ikiwa kazini, uandike, uweke tarehe. Baada ya miezi sita pima tena chumba kikiwa na joto lilelile. Namba ikipanda kumi, piga brashi. Isipopanda, hariri harusi za watu.

Rafiki yangu deni lake linaisha mwezi wa kumi na mbili. Kipoozaji kinawaka taa za rangi, kizuri kukitazama. Prosesa ipo 89, haina habari.